Lori la Jumamosi

Aberhelyg,
Jumapili, 12 Machi

Nesta,

Sianzi kwa kukuuliza hali, kwa sababu leo hali yako hainihusu. Nimekasirika. Nimekasirika tangu jana saa tano asubuhi, nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kanisani na nikarudi nayo nzima nzima. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza. Kwa hiyo utasoma, na utasoma mpaka mwisho.

Alhamisi Olwen aliniambia hospitali imepiga simu: kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi yake iko wazi, niende Jumamosi nikapigwe ile picha ya shingo. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilifunga duka siku ya mechi, siku ambayo kila mwanamume wa bonde hili anataka kunyolewa kabla ya kwenda kupiga kelele baa. Nikavaa shati safi, nikaenda.

Lile lori refu jeupe lililoegeshwa nyuma ya hospitali, karibu na mapipa ya taka, unalijua. Humo ndimo ilimo mashine ya MRI. Hiyo ndiyo tunayoingojea mimi na Gethin Bowen na nusu ya mji tangu mwaka jana. Safari hii msichana akashuka mwenyewe kunifungulia mlango. Akaniita bwana. Akaniuliza kama nimepata pa kuegesha gari, akaniletea chai na biskuti zilizofungwa moja moja. Hospitali yetu, Nesta! Pale ambapo ukiuliza choo kiko wapi unaonyeshwa kwa kidevu. Nikajiambia, naam, mabango yetu yamewaingia, wamejirekebisha.

Akaniuliza maswali. Nina betri ya moyo? Nimewahi kuwekewa chuma mwilini? Nimewahi kuingiwa na vipande vya chuma machoni? Nikamwambia, "Binti, aliyeingiwa ni baba yangu, kiwandani. Mimi nimeingiwa na nywele za watu tu." Akacheka vizuri. Pete ya ndoa ilikataa kutoka, akasema dhahabu haina neno, akaifunga kwa plasta. Nikalala chali, wakaniwekea usoni kitu kama kofia ngumu ya mpanda pikipiki, wakanipa mpira mdogo niubane nikizidiwa. Kwanza waliniwekea mkono wa kulia, kisha msichana akaniangalia, akauhamishia wa kushoto, sijui kwa nini. Ndani ya lile bomba pua inakaribia kugusa dari. Kelele yake ni kama jirani anatoboa ukuta, kisha king'ora, kisha kimya, kisha jirani anaanza tena. Ukiulizwa na mtu, mwambie afumbe macho kabla hawajamsukuma ndani, wala asiyafumbue mpaka atolewe. Sikuogopa.

Nimetoka, navaa viatu, msichana ananiambia, "Majibu yatakuwa tayari mapema, Bwana Prosser. Dada yako ameshalipia kila kitu, hata ripoti ya haraka."

"Nani amelipia nini?"

"Jumamosi ni siku ya wateja binafsi," akasema, kwa upole wote, kama anamwelekeza mgeni njia.

Mimi, mteja! Lori lile lile, Nesta, sumaku ile ile, kitanda kile kile. Jumatatu hadi Ijumaa tunaambiwa halitutoshi, vumilieni, foleni ni ndefu. Jumamosi linakodishwa, na sebule yake haina mtu hata mmoja isipokuwa mjinga mmoja anakula biskuti. Mimi ndiye niliyesimama pale nje wakati wa baridi na bango nikipinga jambo hilo hilo! Karatasi ya kukusanya sahihi iko dukani kwangu, chini ya kioo, mpaka leo.

Wewe umezaliwa bonde hili kama mimi. Unajua kwamba babu zetu walikatwa mishahara kila wiki ili mchimba makaa na mjane wake wapate daktari mmoja, kwa zamu, bila kuulizwa una nini mfukoni. Na duka langu unalijua. Halina namba wala miadi. Mtu anaingia, anauliza nani wa mwisho, anakaa. Yule wakili alipotoa noti ili atangulie mbele ya Gethin, nilimfungulia mlango atoke na nywele zake. Leo mimi ndiye wakili.

Nimewaambia majibu yasipelekwe kwa daktari, yaje kwangu. Yakifika sitayafungua. Gethin alianza kungoja kabla yangu, anaburuta mguu, na ataingia kabla yangu. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba ulimpiga Olwen changa la macho, ukamfanya mke wangu anidanganye bila yeye kujua. Hilo sikusamehe leo.

Idwal


Cheltenham,
Ijumaa, 17 Machi

Idwal, mdogo wangu mwenye kichwa kigumu,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Mume wangu alinikuta naisoma nimesimama, akaondoka taratibu bila kuuliza.

Ndiyo, ni mimi. Mimi nimelipa, mimi nimepanga, na nikipewa nafasi nitarudia. Unataka nilie? Mimi pia nimekasirika, tena mimi nilianza zamani, tangu Krismasi, ulipokuja kwangu ukamwagia kitambaa cha meza mchuzi wote halafu ukasema bakuli lina mafuta. Nililiosha lile bakuli kwa mikono yangu. Halikuwa na mafuta. Niliona ulivyoshikilia ngazi unaposhuka. Niliona Olwen anakufunga vifungo vya koti mlangoni huku anajifanya anakukung'uta vumbi, na wewe umesimama kama sanamu unaangalia juu.

Unaniambia habari za babu. Babu alikatwa mshahara ili atibiwe, Idwal, si ili angoje! Angefufuka leo akakuta mjukuu wake ameficha majibu yake ya hospitali kwa heshima yake, angekupiga kofi.

Na hilo lori. Unadhani Jumamosi ile ulimnyang'anya nani kiti? Mwenyewe umesema sebule ilikuwa tupu. Kama usingekwenda wewe, Gethin asingeitwa. Wasingemwita mtu. Lingesimama pale karibu na mapipa, limefungwa, mpaka Jumatatu. Wakasirikie waliolifunga. Nitasimama nawe na bango, nitakuja na treni, nitabeba hata spika. Lakini usinigeuzie mimi kibao.

Wewe ni kinyozi. Unashika wembe kwenye koo za watu. Nakuuliza kama dada yako, na unijibu: mkono wa kulia, unausikia?

Nesta


Cheltenham,
Ijumaa, 17 Machi

Wifi yangu Olwen,

Naituma hii jikoni shuleni kwako kama tulivyokubaliana, isije ikaangukia mikononi mwake.

Nimeubeba mzigo kama ulivyoniomba. Nimemwandikia kwamba ni mimi, mwanzo mpaka mwisho. Anaamini wewe hukujua kitu, anakuhurumia eti nimekutumia. Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikachukia. Wewe ndiye uliyeniandikia Februari ukinisihi, wewe ndiye uliyejifanya unapokea simu. Mimi nilifungua pochi tu.

Sikulaumu. Ila sitaki kudanganya kwa muda mrefu, wifi, sina kipaji hicho. Niambie majibu yakifika, na niambie ukweli wote kuhusu ule mkono. Yeye nimemuuliza, lakini najua hatajibu.

Wako,
Nesta


Aberhelyg,
Jumatano, 22 Machi

Wifi Nesta mpendwa,

Majibu yamefika jana. Aliyaweka nyuma ya saa ya ukutani, hayajafunguliwa, akaenda dukani. Nikayachukua, nikayafungua hapo hapo kwenye ngazi, bahasha tupu nikairudisha nyuma ya saa. Najua si yangu. Mimi ndiye ninayemvalisha soksi, kwa hiyo naona ni yangu kidogo.

Yanasema pingili za shingo zimeubana uti wa mgongo wenyewe, na uti umeanza kuharibika pale ulipobanwa. Yanasema aonwe na daktari wa upasuaji haraka. Nikampigia daktari wetu nikamsomea. Akasema, "Bibi Prosser, kilichopotea mara nyingi hakirudi. Upasuaji unazuia kilichobaki kisiondoke. Mlete aniruhusu nimpeleke mbele, na upasuaji wenyewe utafanywa na hospitali yetu hii hii, bila malipo." Nikamwambia hataki. Akasema atampigia simu bila kunitaja, ila hawezi kumlazimisha mtu mzima mwenye akili zake. Kuhusu akili zake nilitaka kubisha.

Umeniuliza mkono. Hausikii. Anafungua mlango kwa bega. Kikombe anakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Usiku miguu inamcheza kitandani. Wembe ameuacha tangu mwezi uliopita, anawaambia wateja eti unyoaji wa wembe umepitwa na wakati, anatumia mashine na mkasi. Na Ijumaa iliyopita alimkata Gethin sikio, damu mpaka kwenye kola, Gethin akaficha kwa leso asionekane na wengine. Wamekaa pale wawili, mmoja hasikii mkono, mwingine hasikii mguu, wanasifiana uvumilivu!

Nakuomba, endelea kusema ni wewe. Wewe atakusamehe, wewe ulishahamia England, anategemea mabaya kutoka kwako. Mimi nikijulikana, ndoa hii itabaki na salamu tu. Kwa miaka yote sijawahi kumdanganya, na sikujua kama inachosha namna hii.

Olwen


Aberhelyg,
Jumatatu, 3 Aprili

Nesta,

Naandika kwa kifupi, kalamu hii mbovu.

Umeniuliza mkono. Mkono ni mzima. Gethin alitikisa kichwa wakati namkata, ndiyo sikio likaguswa; najua Olwen ameshakwambia, hana siri. Tuliliwekea plasta, mambo yakaisha.

Daktari amepiga simu mara mbili. Nimemwambia aniache pale nilipo kwenye foleni. Ile bahasha yako ya majibu ipo, haijatoka hapa ndani na haitatoka.

Jana baada ya ibada watu walikuwa wanazungumzia lile lori. Gethin akasema mbele ya wote, "Mimi heri nikauke ningali nangoja kuliko kununua zamu ya mwenzangu. Si ndivyo, Idwal?" Watu wakampigia makofi. Wote wakanigeukia. Nikasema ndivyo. Unajua nilivyojisikia? Nimesimama mlangoni mwa kanisa nilimobatizwa, nadanganya kwa sababu yako. Nimemtazama mtu huyu usoni kila wiki tangu tukiwa watoto, sasa namtazama kisogo tu, na ninashukuru kazi yangu ni ya kisogo.

Hayo ndiyo uliyoninunulia.

Idwal


Jikoni,
Jumatano, 19 Aprili

Idwal,

Nakuandikia mtu ninayekaa naye nyumba moja kwa sababu nikifungua mdomo unawasha redio. Hii huwezi kuiwashia redio. Nimeiegemeza kwenye birika, ambalo siku hizi huliinui bila mimi, kwa hiyo najua utanisubiri na utaiona.

Kwanza. Si Nesta. Ni mimi. Nesta alilipa kwa sababu nilimwandikia nikimlilia. Hakuna hospitali iliyopiga simu Alhamisi ile. Nilisimama hapa hapa, simu sikioni, nikasema "ndiyo, asante sana, atafika" na upande wa pili hakuna mtu. Wewe ulikuwa unakula mkate. Dada yako amekaa anatukanwa na wewe tangu Machi kwa kosa langu, na amenyamaza kwa sababu nilimwomba. Kamwombe radhi. Mimi sitakuomba.

Pili. Gethin. Umekaa tangu Jumapili hutaki kusema habari zake, basi nitazisema mimi. Gethin alianguka bustanini kwake asubuhi, miguu yote miwili imekufa ganzi, akakaa kwenye matope mpaka mpita njia alipomwona. Gari la wagonjwa likamchukua. Na unajua walimpeleka wapi kwanza? Kwenye lori! Jumapili! Siku ambayo halifanyi kazi, siku ambayo hakuna wa kulifungua, alipatikana wa kulifungua. Walimpasua jioni ile ile. Lowri, binti yake, amenipigia jana. Daktari amewaambia wamechelewa. Hatatembea, Idwal, na kukojoa kwake sasa ni kwa mpira.

Alikaa kwenye foleni kama ulivyotaka. Hakumpita mtu. Hakununua zamu. Alikuwa mbele yako kweli, na ona alipofika. Nawe umejipanga nyuma yake.

Unasema unakaa kwenye foleni kwa ajili ya wengine. Wengine gani? Mimi si mmoja wao? Nani atakugeuza kitandani? Nani atakulisha? Ulishawahi kuniuliza kama nataka? Umeuliza dada yako kwa nini amekutia aibu, umemuuliza daktari kwa nini anakusumbua, mimi hujaniuliza kitu tangu Krismasi ila "vifungo vyangu viko wapi."

Nina hasira na wale wanaofunga mashine wakati watu wanaoza wakiingojea. Nina hasira nao kuliko uliyonayo wewe, kwa sababu wewe unafurahi kidogo ukikasirika, na mimi sifurahi hata chembe. Lakini wao siwapati. Hawali mezani kwangu. Wewe nakupata.

Ripoti niliifungua siku iliyofuata kufika kwake, wewe ukiwa dukani. Iko kwenye mkoba wangu. Kesho asubuhi naipeleka kwa daktari, naye anakungoja pamoja nami. Ukija, vaa koti, nitakufunga vifungo na sitajifanya nakukung'uta vumbi. Usipokuja, nitalala kwa Nesta mpaka utakapojifunza kuvaa mwenyewe.

Olwen


Aberhelyg,
Jumamosi, 29 Aprili

Dada Nesta,

Mwandiko utautambua. Mimi nasema, Olwen anaandika. Nimemwekea sharti aandike kila neno, hata yale yatakayomuudhi, na amekubali.

Nisamehe. Nimekutukana kwa jambo ambalo hukulianzisha, na hata ungelianzisha usingestahili maneno yale. Mkono wa kulia siusikii tangu Novemba. Nilikudanganya. Kalamu haikuwa mbovu.

Nilikwenda kwa daktari na Olwen. Daktari aliisoma ile ripoti mara moja, akapiga simu nikiwa nimekaa pale pale. Napasuliwa Alhamisi ijayo, kwenye hospitali yetu. Nilimuuliza nani nimempita. Akasema, "Bwana Prosser, kwenye upasuaji anatangulia aliye hatarini zaidi. Ungeleta hii Machi, ungempita mtu yule yule." Nilikasirika na jibu lake.

Jana nilikwenda kumwona Gethin. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilifunga duka, Olwen akaniendesha, nikaingia wodini peke yangu. Amekonda, lakini nywele ziko vizuri, nilizikata mwenyewe. Nikakaa. Nikamwambia yote: Jumamosi ile, chai, biskuti, bomba, bahasha nyuma ya saa. Nikamwambia nilisimama mlangoni mwa kanisa nikamwitikia "ndivyo" wakati mwenyewe nilishaingia kwenye lori lile. Nilitegemea anitukane kwamba nimenunua zamu. Nilikuwa tayari kwa hilo, Nesta, nilikuwa nimejiandaa kulia na kukubali.

Akasema, "Machi?"

Nikasema ndiyo, Machi.

"Lowri alitaka kunilipia tangu mwaka mpya," akasema. "Alishachagua mpaka siku. Jumamosi. Akanibembeleza, akalia hapo jikoni kwangu. Nikamwambia siwezi. Nitakaaje kwenye kiti cha Idwal?"

Nikasema, "Geth, sikujua."

"Ungejuaje? Wewe ndiye uliyekuwa unaongea. Kila Ijumaa. Mkasi huku, hotuba huku. Sisi tulikuwa tumefungwa shuka shingoni tunakusikiliza." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Mimi sikukataa kwa ajili ya babu yangu, Idwal. Nilikataa kwa sababu nilikuogopa wewe. Na wewe ulishapigwa picha. Ukanikata sikio, ukaja kuweka majibu yako ukutani, huniambii! Ungeniambia hata kwa siri. Ungeniambia, Geth, nenda, mimi nimekwenda, hakuna aliyekufa. Ningekwenda wiki ile ile."

Nilianza habari za wale waliolikodisha lori, kwamba wao ndio wenye dhambi, kwamba tutawaandikia, tutawafuata mpaka bungeni. Ni kweli, Nesta, ni wao. Jumapili mtu akishaharibika mashine inafunguka, na Jumamosi anayelipa inafunguka, na mtu anayekwenda kuharibika polepole ndiye anayeambiwa avumilie. Hasira yangu kwao haijapungua hata kidogo, nitaibeba mpaka kwenye kitanda cha upasuaji. Lakini nilipoyasema pale mbele yake yalikuwa yale yale ya dukani. Gethin akafumba macho. Akasema amechoka, anataka kulala.

Nilipotoka nilimkuta Lowri kwenye korido na mfuko wa nguo safi za baba yake. Nadhani alisikia, mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyemnyoa nywele zake za kwanza, alikaa kwenye ubao juu ya viegemeo vya kiti akanung'unika mpaka nikampa pipi. Aliniuliza kwa adabu, kama alivyolelewa, kama ni kweli nilipigwa picha mwezi wa tatu.

Nikasema ni kweli.

Akahamisha mfuko mkono mwingine ili anipe mkono. Alinipa ule wa kulia kwenye mkono wangu wa kulia, sikuusikia, niliuona tu. Akasema, "Asante kwa kuniambia ukweli, Bwana Prosser," akaingia kwa baba yake, akafunga mlango. Tangu ajue kusema alikuwa ananiita anko.

Idwal